Moto wa Jikoni Mjini

Hesabu ya mwaka 1969 ilikuta watu 509,286 Nairobi. Ile ya 2019 ilikuta 4,397,073. Mji umekua, kuni zimekwenda mbali, nasi twanunua makaa kwa mkebe. Hapo ndipo maskini aumiapo: mwenye gunia hulipa kidogo kwa kila kilo, na anunuaye mkebe kila jioni hulipa zaidi, maana hana fedha za gunia wala pa kuliweka katika chumba kimoja.

Februari 2018 Serikali ilipozuia ukataji miti katika misitu ya umma, bei ya makaa ilipanda upesi. Mwaka uo huo mafuta ya taa yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita. Gesi ni safi, lakini mtungi wa kwanza ndio mlima.

Kwa hiyo twawaombeni mkubali sanduku la chama likopeshe mitungi, kila nyumba ilipe kidogo kidogo kwa mwezi. Twajua wako wasemao kuwa sanduku ni la mazishi peke yake, na neno lao si dogo. Basi na lijadiliwe leo, kabla ya masika, makaa yapandapo tena.