Mazungumzo kwa Wananchi: Dawa Isiyongoja Safari



Mwenye maradhi ya saratani aliyeko Lushoto, akipewa rufaa ya Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iliyoanzishwa mwaka 1996, huteremka milima ya Usambara kona baada ya kona hadi Mombo, ndipo akaishika barabara kuu ya Dar es Salaam. Safari hiyo humchukulia sehemu kubwa ya siku. Wananchi wa visiwani, ambao nao huvuka bahari kwa haja hiyo hiyo, wanaifahamu taabu yake.

Baadhi ya saratani hujikinga kwa protini iitwayo PD-L1, inayozizuia seli za kinga ya mwili zisishambulie. Dawa za kukiondoa kizuizi cha namna hii zilitokana na ugunduzi uliowapatia James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Dawa hizo ni ghali, wala hazimfai kila mgonjwa. Hivyo ni muhimu kujua kwanza kama protini hiyo ipo. Kipande cha nyama kinachokatwa kwa uchunguzi hueleza habari za mahali pamoja tu, ilhali uvimbe mmoja waweza kuwa nayo upande huu na kuikosa upande wa pili.

Ndiyo maana wataalamu wanatafiti peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi za amino, kama ile iitwayo WL12, iliyofungwa galiamu-68 yenye kutoa mionzi. Ikidungwa mshipani hunasa kwenye PD-L1, na baada ya saa 1 hivi mashine ya PET huonyesha ilipo mwilini. Kingamwili, kwa kuwa ni kubwa zaidi, huchukua siku kadhaa.

Lakini nguvu ya galiamu-68 hupungua nusu kila dakika 68. Ikipakiwa garini, baada ya mwendo wa saa 7 haitasalia hata sehemu 2 katika 100. Dawa haiwezi kumfuata mgonjwa milimani wala visiwani. Mgonjwa ndiye atakayeifuata.

Kipimo hiki kingali katika utafiti, wala si huduma ya kawaida. Wananchi wanatahadharishwa wasimwamini anayekiuza mitaani. Mwenye uvimbe usioondoka, kidonda kisichopona au kukonda kusiko na sababu afike mapema kituo cha afya kilicho karibu. Safari ya mapema, japo ndefu, ina matumaini zaidi kuliko mashine bora iliyofikiwa kwa kuchelewa.