HAKI YA PUNDA ALIYEZEEKA KATIKA KAZI YETU

Khutba ya Kwanza

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila chenye roho, Ajuaye maumivu ya mwenye ulimi na ya asiyekuwa na ulimi. Twamhimidi, twamtaka msaada, na twamwomba maghufira. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye huruma yake iliwafikia watu na wanyama, pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni pamoja na kuiusia nafsi yangu tumche Mungu katika mambo makubwa na katika mambo tunayoyaona madogo, kwani huenda mja akaulizwa juu ya jambo alilolidharau kabla ya kuulizwa juu ya lile alilolitukuza.

Ndugu Waislamu, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani. Siku moja baada ya sala ya Alasiri alinijia mzee mmoja, mtu wa kazi, ambaye kwa miaka mingi riziki yake imetoka katika mkokoteni wa maji unaovutwa na punda. Akakaa, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Sheikh, punda wangu amekuwa mtu mzima. Magoti yamevimba, asubuhi hawezi kuinuka mpaka nimsaidie. Kijana mmoja ameniuzia dawa ya maumivu. Nikimpa, siku ile anavuta kama zamani. Nisipompa, anachechemea. Je, katika dini lina ubaya?"

Nikamwambia: "Mzee wangu, swali lako ni moja, lakini ndani yake mna maswali matatu. La kwanza, punda huyu ana haki gani kwako? La pili, dawa yenyewe ina hukumu gani? La tatu, unampa dawa kwa ajili yake yeye, au kwa ajili ya mkokoteni?" Mzee akainamisha kichwa. Nami leo nataka tuyajibu maswali hayo sote pamoja, maana hayamhusu yeye peke yake.

Katika pwani yetu hii ya Tanga, tokea Mkinga hata Pangani, farasi ni wachache. Mbung'o na maradhi anayoyaeneza havikumwacha farasi akastawi katika sehemu nyingi za nchi hizi. Punda ni mstahimilivu zaidi, na ndiye aliyetubebea maji, kuni, mchanga na mavuno. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nahl ametutajia neema ya wanyama wanaotubebea mizigo hata miji tusiyoweza kuifikia ila kwa mashaka ya nafsi, kisha akawataja farasi, nyumbu na punda. Basi kiumbe aliyetajwa katika Qur'ani kuwa ni neema, yatakuwaje malipo yake kupigwa fimbo juu ya goti linalouma?

Sikilizeni sasa haki yake. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliingia katika bustani ya mtu mmoja wa Madina, na ngamia alipomwona akalia, machozi yakamtoka. Mtume akampangusa hata akatulia, kisha akamwita mwenyewe na kumkumbusha amche Mungu katika mnyama aliyemmilikishwa, kwani mnyama yule ameshitaki kwamba anatiwa njaa na kuchoshwa. Tazameni, ndugu zangu: mnyama ameshitaki, na mashitaka yake yamesikilizwa.

Wanavyuoni wetu hawakuliacha jambo hili katika huruma za moyo tu, bali waliliandika katika sheria. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachojulikana sana na wanafunzi wa elimu katika pwani yetu, amelazimisha chakula na maji ya mnyama juu ya mwenyewe, na akieleza kwamba anayekataa hulazimishwa. Na Sheikh Izzuddin bin Abdus-Salam, aliyefariki Misri mwaka 660 wa Hijra, sawa na 1262, alipozihesabu haki za wanyama juu ya binadamu alisema kuwa ni wajibu kuwagharamia hata wakizeeka au wakiugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena, wala wasibebeshwe wasiyoyaweza. Basi haki ya punda haikwishi siku nguvu zake zinapokwisha. Siku hiyo ndipo deni letu linapoanza kuonekana.

Ama swali la pili, la dawa. Mtume ametuamrisha kujitibu, akatufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, isipokuwa ugonjwa mmoja tu, nao ni uzee. Lizingatieni neno hili. Baridi yabisi ya mnyama mzee ni katika matawi ya uzee. Gegedu lililolika katika kiungo halirudi tena. Dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, kama fenilibutazoni, fluniksini au meloksikamu, haimrudishii punda ujana wake. Inampunguzia taabu, basi. Ajuaye hivyo ataitumia vizuri, na asiyejua atadanganyika nayo.

Na hapa limekuja jibu la swali la tatu. Maumivu ni ulimi wa mnyama. Hana neno lingine la kusema, "Kiungo hiki kimechoka, kipumzishe." Ukimpa dawa ili alale kwa raha, ainuke bila ya kutetemeka, atembee malishoni na kula vizuri, umemfanyia hisani. Lakini ukimpa dawa asubuhi ili mchana umpakie mapipa ya maji, umemziba kinywa shahidi asitoe ushahidi wake. Kiungo kinazidi kulika naye hasikii, na jioni dawa ikiisha maumivu yanamrudia pamoja na madhara mapya. Dawa ni moja na mkono unaoitoa ni mmoja, lakini huyu ameandikiwa thawabu na yule dhulma, na kinachowatenga ni nia pamoja na kazi inayoifuata dawa.

Mzee yule akaniuliza: "Na kipimo, Sheikh? Kijana aliniambia nimpe tu nikiona anaumwa." Nikamwambia, hapo tuogope zaidi. Mtume wetu amefundisha kwamba anayetibu bila ya kujulikana kuwa na ujuzi wa utabibu, huyo ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Na ujuzi wa jambo hili si mwepesi. Vitu vile vile mwilini vinavyoleta uvimbe na maumivu, ndivyo pia vinavyolinda ngozi ya ndani ya tumbo na kupeleka damu katika mafigo. Dawa inayovizuia katika goti huvizuia katika tumbo na mafigo pia. Kwa hiyo kipimo kikizidi, au siku zikirefuka pasipo uangalizi, mnyama hupata vidonda vya tumbo na matumbo, akaharisha, akakonda, au mafigo yakaharibika. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mnyama mwenye kiu. Nani asiyelijua joto la Tanga mwezi wa Februari? Basi asipewe dawa hii punda aliyekaukiwa na maji, na ndoo ya maji safi isimwondokee.

Tena punda si farasi mdogo. Mwili wake huzisaga dawa kwa namna yake. Fenilibutazoni na meloksikamu huisha upesi zaidi mwilini mwake kuliko mwilini mwa farasi, na ziko nyingine zinazokawia zaidi. Basi kipimo kilichoandikwa kwa farasi hakimfai punda kwa kukisia, na vidonge vya binadamu vya dukani ndivyo vibaya zaidi kuvikisia. Haifai kuchanganya dawa mbili za jamii hii kwa pamoja kwa kudhani kuwa mbili zina nguvu kuliko moja, kwani madhara ndiyo yanayoongezeka. Na fenilibutazoni ya sindano huingizwa katika mshipa wa damu tu. Ikimwagika nje ya mshipa huiozesha nyama. Hii si kazi ya kujaribia.

Basi mwendeeni daktari wa mifugo, au bwana mifugo wa kata akuongozeni kwake. Mkoa wetu haukukosa elimu hii: Tanga kuna chuo cha mifugo cha Buhuri na taasisi za utafiti wa mifugo. Mwenyezi Mungu ametuamuru tuwaulize wenye kujua ikiwa sisi hatujui. Basi kumwuliza daktari wa wanyama ni katika utiifu wa amri hiyo.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Khutba ya Pili

Sifa njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake mteule.

Enyi waja wa Mungu, dawa peke yake haitoshi. Nimekuwekeeni mambo machache ya kufanya, na wengi wenu hayatawagharimu fedha nyingi.

La kwanza, mpumzisheni. Punda mwenye viungo vibovu asivute tena mkokoteni uliojaa. Matembezi mepesi ya kila siku humfaa kuliko kufungwa kamba fupi mahali pamoja. La pili, kwato zikatwe na mtu ajuaye kila baada ya wiki sita hadi kumi, kwa kuwa kwato ndefu huvuta kiungo upande. La tatu, awe na kivuli, pa kulala pakavu na palaini, na majani makavu ya kutosha. Asinenepeshwe kupita kiasi, kwani uzito ni mzigo asioweza kuutua. Meno yake nayo yatazamwe, maana mzee asiyeweza kutafuna hana nguvu. La nne, asitengwe na mwenzake aliyezoeana naye, kwani punda huhuzunika.

La tano, mjifunze kumsoma. Punda ni msiri wa maumivu. Farasi hujipiga na kugaragara, lakini punda husimama kimya, na wasiojua husema ni mzima. Mtazameni: analala kuliko kawaida? Anahamisha uzito mguu huu na huu? Masikio yameinama? Amejitenga? Zaidi ya yote, akiacha kula msingoje kesho. Punda akikaa na njaa, mafuta ya mwilini huingia kwa wingi katika damu yake, na hali hiyo huweza kumwua kwa siku chache. Yu katika dawa na mkaona amekataa chakula, anaharisha, au ana vidonda mdomoni, isimamisheni dawa na mwiteni daktari siku hiyo hiyo.

La sita, dawa iwekwe mbali na watoto, na mikono ioshwe baada ya kuichanganya katika pumba. Fenilibutazoni yaweza kumdhuru binadamu katika uboho unaotengeneza damu.

Ndugu zangu, limebaki jambo zito: mwisho wa mnyama huyu. Wako watakaosema, "Amekwisha, muuze kwa wanaotaka ngozi." Lakini Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa biashara ya ngozi mwaka 2022, na mwezi wa Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaizuia biashara hiyo barani kote kwa miaka 15. Iko pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili. Nyama ya punda wa nyumbani Mtume wetu aliikataza siku ya Khaibar, kwa hivyo kwetu si chakula.

Ama kumwua ili kumpumzisha, katika Fat-hul Muin, kilichotungwa na Sheikh Zainuddin wa Malabari, ng'ambo ya bahari yetu hii, imeelezwa kuwa ni haramu kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa kumpumzisha, na mfano uliotolewa ni punda mgonjwa asiyepona. Wako wanavyuoni wengine walioruhusu pale mateso yanapokuwa hayana tiba. Anayefikia hali hiyo amwulize mwanachuoni wake na daktari wake pamoja, wala asijitolee fatwa mwenyewe. Lakini zingatieni maana iliyomo: sheria inapofunga mlango wa kumwua, inaufungua wazi mlango wa kumtunza. Mtu hawezi kusema, "Siruhusiwi kumwua," kisha akamwacha jalalani alie kwa kiu. Atakayeishika hukumu ile na aushike mzigo wake: chakula, maji, kivuli na dawa, mpaka ajali yake ifike.

Akifa, mzikeni katika shimo refu. Mzoga wenye dawa ni sumu kwa viumbe wengine. Huko India, Pakistani na Nepali, dawa moja ya jamii hii, diklofenaki, waliyopewa ng'ombe, iliwaua tumbusi walioila mizoga yao hata jamii kadhaa za tumbusi zikakaribia kutoweka. Mwaka 2006 nchi hizo zikaanza kuizuia kwa mifugo. Tendo la mkono mmoja katika zizi moja hufika mbali, nasi hatujui litakapoishia.

Mtauliza, mzee yule alifanyaje? Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Sheikh, punda huyu amewasomesha wanangu." Nikamwambia, basi waite wanao. Wakaitwa, wakapatana kila mmoja atoe kitu kila mwezi, mmoja kwa pumba, mwingine kwa daktari. Mkokoteni sasa unasukumwa na kijana, punda yu chini ya mwembe. Magoti hayakupona wala hayatapona. Lakini asubuhi huinuka mwenyewe.

Vijana wanafunzi, hilo liwafae. Mtu mmoja alisamehewa dhambi zake kwa maji aliyomteka mbwa mwenye kiu. Basi msidharau ndoo moja mtakayompelekea punda mzee jioni ya leo.

Ewe Mola wetu, tusamehe kwa kila kiumbe tuliyemchosha bila ya haki. Tujaalie huruma kwa wadogo wetu, kwa wazee wetu, na kwa wanyama waliozeeka katika kazi yetu. Na tutakapozeeka sisi, utujaalie mikono itakayotuinua kwa upole. Warehemu wazazi wetu, waponye wagonjwa wetu, na uijaze nchi yetu amani.

Amin. Simameni kwa sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.