Kuachisha Sungura Kunyonya: Mada kwa Wafugaji Wadogo



Habari za kupandisha na kujenga mabanda nawaachia wenzangu. Mimi nitazungumzia wiki chache za mwanzo za mtoto wa sungura, na zaidi siku za kuachishwa kunyonya. Hapo ndipo tunapozika watoto waliokwisha kuota manyoya na kuanza kurukaruka.

Jike huzaa baada ya siku 31 hivi. Watoto huzaliwa uchi, macho yamefumba, na joto lao lote ni la kiota na la kulaliana. Mama hujinyonyoa manyoya, akawafunika, kisha akajiendea zake. Wengi wakiona hivyo husema amewakataa. Hajawakataa. Sungura hunyonyesha mara moja kwa siku, pengine mbili, dakika tatu hadi tano tu, kwa kawaida usiku au alfajiri, na maziwa yake ni mazito sana kuliko ya ng'ombe. Kwa hiyo usimvizie mama; asubuhi fungua kiota, tazama matumbo. Aliyeshiba tumbo limetuna na ngozi imenyooka. Mwenye njaa ana makunyanzi, na ukimgusa anahangaika kutafuta chuchu. Watoto wakizidi chuchu, ambazo mara nyingi ni nane, hamishia mmoja au wawili kwa jike mwingine aliyezaa siku hizohizo. Jike aliyezoea mkono wako hatawaua kwa sababu ya harufu yako. Siafu ndio watakaowaua: simamisha miguu ya banda kwenye makopo yenye oili chafu.

Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 12. Kufikia wiki ya tatu watoto wanatoka kiotani na kudokoa chakula cha mama. Maziwa nayo yamefika kileleni, baada ya hapo yanapungua.

Sasa tuingie tumboni. Maziwa humkinga mtoto dhidi ya vijidudu, na asidi ya tumbo lake bado si kali. Ule mfuko mkubwa wa utumbo unaochachusha majani bado haujapata bakteria wake wa kudumu. Anawapata polepole, ikiwemo kwa kudonoa punje za kinyesi ambazo mama huziacha kiotani. Ndiyo maana sipendi kiota kinachosafishwa kila siku. Toa matandiko yaliyolowa, basi.

Mashamba makubwa ya Ulaya huachisha siku ya 28 hadi 35. Yana chakula kilichopimwa, nyuzinyuzi za kutosha na daktari wa karibu. Sisi wenye nyasi za kukata na pumba za mashineni tungoje wiki ya sita. Najua haraka inatoka wapi: tunataka jike apandishwe tena upesi. Hesabu hiyo haina faida kama nusu ya uzao inakufa.

Siku ikifika, mwondoe mama, si watoto. Wabaki banda lilelile, pamoja na ndugu zao, wakila walichokuwa wakila. Wiki hiyo si ya kujaribu chakula kipya, wala ya kuwapeleka sokoni. Nyasi kavu zisikose mchana na usiku, maji safi vilevile. Majani mabichi yanyaushwe kwanza. Kabichi weka kando, na pumba za mahindi punguza, kwani wanga mwingi usiomeng'enywa huchachuka utumboni na kuleta kuhara.

Mtoto aliyejikunyata pembeni, anasaga meno, tumbo limejaa na nyuma kumechafuka, mtenge saa hiyohiyo. Huenda ni vimelea vya koksidia, vinavyoenea kwa kinyesi kwenye chakula na maji. Sakafu ya waya, inayopitisha kinyesi, inasaidia sana. Mwite daktari wa mifugo. Usikoroge amoksilini ya dukani kwenye maji: dawa hiyo ikipita mdomoni huua bakteria wema wa utumbo, na sungura hufa kwa kuhara hata kama ugonjwa wa kwanza ungepona.

Jike naye asisahauliwe. Siku mbili tatu baada ya kuachisha, mpunguzie chakula cha kuongeza maziwa, mwachie nyasi na maji, na umpapase matiti. Titi likiwa gumu na la moto, usimpandishe, atibiwe kwanza.