Maji ya Kijani katika Bwawa la Samaki

  

Leo tutazungumza juu ya mwani. Sisemi mwani wa baharini, ule unaolimwa pwani ya Unguja na Pemba. Nasema mwani wa maji baridi, yaani ule ukijani unaoota katika mabwawa, madimbwi na mapipa ya maji.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: MWANI, OKSIJENI, MBOLEA, ALFAJIRI. Haya, yasomeni wote kwa sauti. Vizuri. Mtakapokwisha kuyaelewa maneno haya manne, mtajua kwa nini samaki waliokuwa wazima jioni huweza kukutwa wamekufa asubuhi.

Tuseme mtu ana bwawa la perege. Jioni amewapa chakula, nao wamekula vizuri. Asubuhi anakuta wengi wanaelea, matumbo juu. Fedha yake imepotea, na kitoweo cha watoto wake kimepotea. Anauliza kwa hasira: "Nani ametia sumu?" Mara anamkumbuka jirani waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Ndugu zangu, kabla ya kutaja jina la mtu, mtu huyu ayatazame maji yake kwanza. Huenda samaki wake wameuawa na mwani, na mwani huo ameulisha yeye mwenyewe.

Mwani ni kama mimea. Mingine ni midogo mno, haionekani kwa macho moja moja, lakini ikiwa mingi huyafanya maji yote kuwa ya kijani. Mingine ni mirefu kama nyuzi, hushikamana na mawe na majani, na kuelea kama pamba iliyolowa. Kama mimea, mwani unataka vitu viwili: mwanga wa jua na chakula.

Sasa sikilizeni vizuri. Mchana, jua likiwaka, mwani hutengeneza oksijeni. Oksijeni ni ile hewa ambayo sisi tunaivuta, na samaki nao huivuta kutoka majini. Basi mchana mwani ni rafiki wa samaki. Lakini usiku hakuna jua. Usiku mwani hautengenezi oksijeni hata kidogo, bali wenyewe huitumia. Samaki nao huitumia, na uchafu unaooza chini ya bwawa huitumia pia. Wote wanakula katika sahani moja, wala hakuna anayepakua. Saa baada ya saa oksijeni hupungua. Ni wakati gani inakuwa kidogo kuliko nyakati zote? Ni alfajiri, kabla ya jua kuchomoza.

Kwa hiyo amkeni alfajiri mkatazame. Mkiona samaki wamekuja juu, wamefungua midomo wakihema, jueni oksijeni ni haba. Tazameni pia nani wamekufa. Mara nyingi samaki wakubwa hufa kabla ya wadogo. Kambare huweza kupona, maana yeye hupanda juu akavuta hewa yetu. Mkiona perege wamekufa alfajiri, kambare wazima, na maji ni ya kijani kizito, basi msiende kwa jirani na fimbo.

Je, mwani huzidi kwa sababu gani? Huzidi kwa sababu ya chakula. Katika mwaka 1973 wataalamu wa Kanada walilijaribu jambo hili katika ziwa dogo liitwalo Ziwa 226. Waliligawa kwa pazia kubwa la plastiki. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia vitu hivyo hivyo, wakaongeza fosforasi. Upande ule wenye fosforasi uligeuka kijani. Upande mwingine haukugeuka. Ziwa lilikuwa moja, na jua lilikuwa moja. Tofauti ilikuwa ni chakula tu.

Fosforasi hiyo imo katika samadi, imo katika mbolea nyingi za dukani, na imo katika chakula cha samaki. Mbolea kidogo katika bwawa ni jambo jema, kwa maana perege hula mwani na hunenepa. Lakini mtu akitupa samadi kila siku, akamwaga pumba ambazo samaki hawazimalizi, na mvua ikaleta mavi ya ng'ombe kutoka zizini, mwani hupata karamu.

Wengine wakiona hivyo hukimbilia dukani kununua dawa. Hununua mrututu, wakaumwaga bwawani. Ni kweli, mrututu huua mwani. Lakini fikirini. Ukizidi, huua na samaki. Hata usipozidi, mwani wote hufa kwa pamoja, nao ukifa huoza, na ukioza hula oksijeni. Zaidi ya hayo, ile fosforasi iliyokuwa ndani ya mwani hurudi majini. Baada ya muda mwani mpya huota juu ya mabaki ya ule wa zamani. Ndiyo sababu watu husema mwani ni sugu. Chakula chake hakikuondolewa.

Basi tufanye nini? Kwanza tupime. Katika mwaka 1865 padri mmoja Mwitalia, jina lake Angelo Secchi, aliteremsha kisahani cheupe baharini ili ajue maji yanaonyesha mpaka kina gani. Ninyi nanyi mwaweza kufanya hivyo. Chukueni kifuniko cheupe cha ndoo ndogo. Kipigilieni kwenye ncha ya fimbo ndefu. Tieni alama kila sentimita 10. Mchana jua likiwa juu, teremsheni fimbo polepole mpaka kifuniko kisionekane. Kisha someni alama.

Kikipotea kati ya sentimita 30 na 45, bwawa ni zuri. Kati ya 20 na 30, punguzeni chakula na mbolea. Kikipotea kabla ya 20, ni hatari. Acheni kabisa kutia mbolea na chakula. Kikionekana hata baada ya 60, maji ni maangavu mno. Hapo jua hufika chini, na ule mwani wa nyuzi huanza kuota. Lakini angalieni: kama maji ni ya rangi ya matope, kipimo hiki hakiwapi habari za mwani.

Pili, samaki wakihema alfajiri, msingoje. Fungulieni maji safi yaingie kwa kuanguka kutoka juu, ili yachukue hewa. Kama mna bomba la kutolea maji chini ya bwawa, toeni yale machafu ya chini. Kama hamna mfereji, chukueni ndoo, chote maji na kuyamwaga kwa nguvu juu ya bwawa mpaka jua lipande.

Tatu, mwani wa nyuzi uvuteni kwa reki. Msiuache ukingoni, maana mvua itaurudisha. Upelekeni shambani, uoze chini ya migomba. Kila kikapu kinachotoka kimebeba fosforasi nje ya bwawa. Kazi hii ni ya polepole, lakini huondoa mwani pamoja na chakula chake.

Nne, chimbeni kingo za bwawa ziingie chini zaidi, kwa sababu nyuzi hupenda maji ya kina kifupi. Chimbeni na mtaro wa kuyageuza maji ya mvua yanayotoka zizini.

Neno moja la kuonya. Mkiona utando mzito juu ya maji, kama rangi ya kijani iliyomwagika, msiyanywe maji hayo, wala msinyweshe mifugo. Utando wa namna hiyo huonekana pia Ziwa Victoria, katika ghuba ya Kisumu. Mara nyingine una sumu inayodhuru ini, na kuchemsha maji hakuiondoi.

Sasa maswali ya kuzungumza darasani. Moja: Kwa nini samaki huhema alfajiri, wala si adhuhuri? Mbili: Mwani uliokufa unadhuru samaki kwa njia gani? Tatu: Katika kijiji chenu, samadi huingia majini kwa kupitia wapi?

Kazi ya nyumbani: tengenezeni fimbo ya kupimia. Pimeni bwawa, lenu au la jirani kwa ruhusa yake, siku nne. Kila siku andikeni katika daftari tarehe, saa, na sentimita mlizosoma. Asiyeweza bado kuandika sentensi, aandike namba. Mje nazo darasani mzisome mbele ya wenzenu.