Nafasi Ndani ya Basi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Alhamdulillahi Rabbil-aalamin, was-salaatu was-salaamu ala Rasulillah, wa ala aalihi wa sahbihi ajmain. Ama baad.



Usiku wa leo tumechagua jambo lisilosikika sana katika mihadhara ya mwezi huu, nalo ni safari ya basi. Tunakusudia basi jekundu la hapa London, na khasa safari ya mwenzetu ambaye miguu yake haimchukui, au macho yake hayaoni, anapotoka nyumbani kwake kuja kufuturu na kusali pamoja nasi. Pengine atauliza mwenye kuuliza: basi na dini vimekutana wapi? Tutaanza na adhana.

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa Mtume wetu (s.a.w.) aliwaeleza Masahaba kwamba Bilal huadhini ungali usiku, kwa hiyo waendelee kula na kunywa mpaka wasikie adhana ya Ibn Umm Maktum. Naye Ibn Umm Maktum alikuwa kipofu. Haadhini mpaka aambiwe kuwa kumepambazuka. Tulizingatie hilo. Watu wa Madina walikuwa wakiacha kula daku kwa sauti ya mtu asiyeona, na yeye akiwategemea wanaoona wamwambie neno moja tu. Hakuambiwa apumzike nyumbani kwa kuwa haioni alfajiri. Alipewa kazi, kisha akapewa kile kidogo alichokihitaji ili kazi ile aiweze.

Anayepanda mabasi ya mji huu ameshaizoea ile sauti inayotaja kituo kinachofuata. Wako inaowakera, na vijana huziba masikio kwa vifaa vyao. Kwa asiyeona, sauti ile inafanya kazi ya yule aliyekuwa akimwambia Ibn Umm Maktum kuwa kumekucha. Ikinyamaza, mtu mzima mwenye akili zake hubaki akiuliza wageni kila baada ya dakika mbili: tumefika wapi?

Wengi wetu tumekulia Unguja, Pemba, Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, na tunajua huko kwetu safari hizi zikoje. Daladala zile za kizamani za Unguja, lori lenye mabenchi ya mbao pande mbili, mtu hupandia nyuma kwa ngazi. Asiyeweza kupanda hubebwa. Utingo humshika huku, abiria humshika kule, na kiti chake, kama anacho, hupakiwa juu pamoja na magunia. Hatusemi kuwa watu wale hawakuwa na huruma. Huruma ilikuwapo tele, na huenda ikazidi ya hapa. Lakini tumfikirie mwanamke aliyestirika, aliyezoea kukaa mbali na wanaume wasio maharimu wake, ambaye ili aende hospitali hana budi kuinuliwa na mikono ya watu asiowajua, buibui likimpanda magotini mbele ya kituo kizima. Wako mama zetu waliokataa safari, wakakosa dawa, kwa ajili ya sitara yao tu. Tunawatukuza kwa haya yao, wala hatuulizi kwa nini walilazimishwa kuchagua baina ya haya na afya.

Kwa hiyo ule ubao unaotoka chini ya mlango wa kati wa basi, mtu akabonyeza kitufe cha buluu kilichoko nje na ukamteremkia mpaka ukingo wa njia, sisi tunauona ni neema kubwa. Mwanamke anapanda peke yake, kwa mkono wake mwenyewe juu ya gurudumu, wala hakuna aliyemgusa.

Neema hiyo ilidaiwa. Watu wenye ulemavu wa nchi hii waliandamana na kuzuia mabasi barabarani miaka mingi kabla ya Sheria ya mwaka 1995 iliyokataza kuwabagua. Kanuni za mabasi zikafuata mwaka 2000. Hapa London mabasi ya zamani yenye mlango wa nyuma uliokuwa wazi yaliondolewa katika safari za kawaida mwezi wa Disemba 2005, na kufika Januari 2017 kanuni zile zilikuwa zimeshayafunga mabasi ya mjini ya Uingereza yote, ya ghorofa moja na ya mbili. Leo kila basi lina nafasi ya kiti cha magurudumu, yenye urefu wa sentimita 130 na upana wa sentimita 75. Katika basi kubwa linalochukua watu wengi kiasi kile, mwenye kiti amepewa sehemu ndogo hiyo tu.

Na hiyo ndiyo tunayogombania naye.

Ramadhani ya miaka hii imeangukia majira ya baridi. Magharibi huingia baina ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni, wakati ule ule ambao watu wanatoka makazini. Basi limejaa mpaka mlangoni, na ile sehemu ya kiti cha magurudumu imejaa vigari vya watoto. Tunamjua mama mmoja, mkazi wa mji huu, hatutamtaja. Jioni moja alitoka mapema na bakuli la sambusa mapajani. Basi la kwanza lilikuwa na vigari viwili katika nafasi yake, na hakuna aliyesogea. La pili lilijaa. Adhana ikamkuta kituoni, akafungua kwa tende iliyokuwamo mkobani mwake, akarejea nyumbani na sambusa zake. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Walioulizia wakaambiwa mama hajisikii vizuri. Mama alikuwa mzima. Na kimoja cha vigari vile viwili kilikuwa kinakuja hapa, katika ukumbi huu.

Hatumtaji kwa kuwalaumu akina mama wenye watoto wachanga. Mtoto amelala, mvua inanyesha, mikoba miwili begani, na kigari kimetundikwa vitu kama mti wa mbuyu uliozaa. Tabu hiyo ni ya kweli. Lakini haki mbili zikikutana, tutazame ipi ina njia nyingine. Kigari hukunjwa na mtoto akapakatwa. Kiti cha magurudumu hakikunjwi mwenyewe akiwa juu yake.

Suala hili hili lilifika Mahakama ya Juu ya nchi hii. Mwezi wa Februari 2012 bwana mmoja aitwaye Doug Paulley, anayetumia kiti cha magurudumu, alitaka kupanda basi kutoka Wetherby kwenda Leeds. Nafasi ilikuwa na kigari chenye mtoto aliyelala. Dereva akamwomba mama wa mtoto asogee. Akasema kigari hakikunjiki. Paulley akaachwa. Kesi ilipanda ngazi kwa ngazi, na tarehe 18 Januari 2017 majaji wakaamua kuwa haitoshi dereva kuomba mara moja kisha akaondoka. Akiona kukataa hakuna sababu ya haki, azidi kushikilia, hata ikibidi alisimamishe basi dakika chache mpaka mtu aone uzito wa jambo. Fidia hakupewa, na majaji hawakufika mahali pa kusema kuwa abiria atashushwa kwa nguvu. Sheria iliishia hapo kwa sababu sheria haiwezi kuingia ndani ya moyo wa abiria.

Sisi tumepewa kinachoingia. Katika Suratul-Mujadila, aya ya 11, Mwenyezi Mungu anawaamrisha waumini kwamba wakiambiwa wafanye nafasi katika mabaraza, wafanye, na anawaahidi kuwa Naye atawafanyia wasaa. Aya hiyo tumeizoea kuisomeana msikitini safu zikibanana. Tunadhani mtu aliyefunga, mwenye Qur'ani katika simu yake, anayeisoma juzuu yake ya siku akiwa amesimama ndani ya ile nafasi, ameambiwa yeye kabla ya kuambiwa na dereva.

Iko pia Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inayohesabu sadaka za kila siku juu ya viungo vya mwanadamu. Miongoni mwake ni kumsaidia mtu apande mnyama wake, au kumpakilia mzigo wake juu yake. Tutazame sadaka hiyo inaishia wapi. Mnyama ni wake, safari ni yake, na hatamu zinabaki mkononi mwake. Msaidizi hakuambiwa ampangie anakokwenda.

Tunalisema hili kwa sababu ya wema wetu wa pwani, ambao mara nyingine hauna breki. Mtu anamwona mwenye kiti, anakamata mishikio ya nyuma na kusukuma bila ya salamu. Au anamshika asiyeona mkono na kumvusha barabara ambayo hakutaka kuivuka! Kiti kile ni kama mwili wa mwenyewe, na dini yetu imetufunza kubisha hodi. Tutoe salamu, tuulize: ndugu yangu, unahitaji msaada? Akisema hapana, tumwombee kheri tupite zetu.

Na si kila ulemavu unaonekana. Tunao vijana wenye selimundu ambao siku ya maumivu hawawezi kusimama, wakakaa katika kiti cha mbele, na mzee akawakaripia kuwa hawana adabu. Tangu mwaka 2017 mji huu unatoa beji ya kuombea kiti, bure, wala haidai cheti cha daktari.

Limebaki jambo la aibu, ambalo twaona ni zito kuliko la vigari. Kadi ya kusafiria bure ya wenye ulemavu hutolewa na halmashauri ya mtaa anaoishi mtu. Wanaostahiki si watumiaji wa viti vya magurudumu peke yao: wamo wasioona na wenye uoni mdogo, viziwi, wasiosema, wenye shida ya kutembea, wasioweza kutumia mikono yao miwili, na wenye ulemavu wa kujifunza. Kadi hiyo hapa London hutumika katika mabasi usiku na mchana, basi hata anayerejea baada ya tarawehe au kiyamu imo haki yake. Lakini zimo nyumba zetu ambazo fomu ile haijazwi. Husemwa: tutamtangaza mtoto, nani atakuja kumposa dada yake? Mtoto huyo anafika miaka ishirini hajawahi kupanda basi peke yake. Wafasiri wa Suratun-Nur, aya ya 61, inayoondoa ubaya juu ya kipofu, kiguru na mgonjwa katika kula pamoja na watu, wametaja kuwa walikuwapo waliokuwa wakijitenga na sinia za wenzao kwa kuona haya. Mola akaliondoa hilo kwa wahyi, sisi tunalirudisha kwa maneno ya ukoo.

Yaliyobaki ni ya utekelezaji. Wako vijana wanne waliojitolea kukaa mezani hapo mlangoni baada ya tarawehe kuwasaidia watu kujaza fomu za halmashauri; aje mwenyewe, au mzazi, na picha na barua za hospitali kama zipo. Wenye vigari tunawaomba wavikunje kabla basi halijafika, na anayesafiri peke yake ampokee mama huyo mtoto au mikoba. Na wanaoshuka kituo cha hapa mbele baina ya saa kumi na moja na adhana, watazame nyuma yao kabla ya kutembea: ikiwa yuko aliyebaki kituoni au ndani ya basi akisubiri ubao, wasimame naye. Futari itasubiri. Tende tumeagiza ziwekwe katika vikasha vidogo, kila mmoja aondoke na kimoja mfukoni.

Yule mama tumempelekea salamu, akasema atatazama. Muadhini ametuashiria, Isha imeingia. Subhanaka Allahumma wa bihamdik, nash-hadu an la ilaha illa anta, nastaghfiruka wa natubu ilayk. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.