Dizeli Nayo Huoza

Leo naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Mimi na ndugu zangu wawili tuna trekta kuukuu ambalo hulala uani kwa mama yetu, Korogwe. Msimu ukifika huvuka kilomita 65 hadi Handeni kulima mashamba ya mahindi ya watu. Mwaka 2023, kazi za masika zilipokwisha, lilirudishwa uani mwezi Mei. Dereva akanipigia simu Dar es Salaam kuniuliza: "Bosi, tujaze tangi kabla ya kuliegesha?" Nikamjibu kwamba sina fedha za kulaza kwenye tangi, na tena nani atazilinda? Vijana wa kunyonya mafuta kwa mpira hawakosekani mtaa wowote. Robo tangi iliyobaki inatosha.

Mwezi Oktoba vuli ikaanza, na ndiyo ile vuli ya El Niño. Mzee mmoja wa Handeni alikuwa amekwisha kutulipa tumlimie eka sita. Trekta likawaka vizuri, likatoka getini, likakohoa, likazimika. Likawashwa tena, likazimika tena. Mimi nikakata shauri papo hapo: tumeuziwa mafuta yaliyochakachuliwa. Nikaanza hata kupanga maneno ya kumwambia mwenye kituo.

Tuhuma kama hiyo haikutoka hewani. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa na bei ya chini kuliko dizeli, na wajanja wakawa wanayachanganya. Ndiyo maana mwaka 2010 EWURA ilianza kusimamia uwekaji wa vinasaba katika mafuta, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuivunja nguvu biashara hiyo.

Lakini fundi wetu wa Manundu hakutaka kusikia habari za kituo. Alilala chini ya trekta, akafungua koki ya tangi na kukinga chupa. Kwanza yalitoka maji. Yakafuata makamasi meusi, yanavutika kama mlenda. Dizeli yenyewe ilikuja mwisho. "Kaka," akaniambia kwenye simu, "maji haya hukuuziwa. Umeyatengeneza mwenyewe."

Nilikasirika, kisha nikamwomba anieleze. Tangi lenye robo ya mafuta lina robo tatu za hewa. Mchana jua la Korogwe huipasha hewa hiyo, ikatanuka na kutoka. Usiku ikipoa, tangi huvuta hewa nyingine yenye unyevu, na unyevu ule hugeuka matone kwenye kuta za chuma. Maji ni mazito kuliko dizeli, basi huteremka na kutulia chini kabisa, mahali ambapo hakuna anayeyaona. Zidisha hayo kwa usiku wa miezi mitano.

Tena maji hayo hayakai peke yake. Pale yanapokutana na dizeli huzaliana bakteria na kuvu, ambao huishi majini na kula mafuta. Makamasi yale ni wao na uchafu wao. Huziba chujio, na asidi wanayoitoa hula chuma cha tangi. Ndiyo sababu injini iliwaka kwa mafuta yaliyokuwa kwenye mipira, kisha ikafa kwa njaa. Maji yakipenya hadi kwenye pampu ni balaa zaidi, kwa kuwa vyuma vya ndani hulainishwa na dizeli yenyewe, na nafasi iliyo kati yao ni ndogo kuliko unene wa unywele. Kutu kidogo tu, basi.

Pampu na nozeli zikapelekwa Tanga. Ziliporudi baada ya wiki tatu, mashamba yalikuwa yameshiba maji, trekta linazama hadi ekseli. Nilimrudishia mzee fedha zake zote. Akazipokea kwa heshima, akasema: "Mwanangu, fedha nimeiona. Na mvua je, utanirudishia nini?"

Wewe unayenisikiliza mjini usidhani haya ni ya wakulima. Wakati wa mgao wa umeme mwaka 2023 wengi mlinunua dizeli ya jenereta. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukaanza kuzalisha umeme, na majenereta yakasahaulika nyuma ya maduka na zahanati. Dizeli iliyotunzwa mahali pakavu na penye ubaridi hukadiriwa kudumu miezi sita hadi mwaka. Ile iliyo ndani ya jenereta lako ni ya lini? Mwenye duka atapoteza samaki wa kwenye friji. Zahanati yenye mama anayejifungua usiku itapoteza nini, sitaki kusema.

Fundi alinipa masharti. Tangi lijazwe kabla ya kuegesha, likiachiwa nafasi kidogo ya kutanuka. Kila mwezi koki ifunguliwe mpaka itoke dizeli tupu. Injini iwashwe na ipewe kazi kwa nusu saa, si kunguruma bure. Pipa la akiba lilazwe ubavu chini ya paa, vifuniko vyote viwili vikiwa usawa mmoja. Likisimamishwa mvuani, maji hutuama juu, na usiku pipa linapopoa huyanyonya ndani. Zipo dawa za kuua wadudu hao, lakini maiti zao nazo huziba chujio, kwa hiyo tangi lisafishwe kwanza.

Na wezi? Kufuli la kifuniko. Naona haya kutaja bei yake mbele ya bei ya pampu.

Sasa trekta huegeshwa tangi likiwa limejaa, na funguo anao mama. Mwezi uliopita dereva alifungua koki, yakatoka maji kama kijiko kimoja, akayamwaga na kunipigia simu kunijulisha. Yule mzee wa Handeni bado hajatuita tena.