Hindi Lenye Mapengo



Mara nyingi mtu humenya hindi akakuta mapengo, naye husema, "Shamba langu limerogwa." Mimi mwenyewe nimekwisha kuandika barazani mashauri ya majirani walioshtakiana kwa sababu hiyo. Leo nataka kueleza kwamba jambo hili ni la chakula na nguvu, wala si la uchawi.

Mbelewele iliyo kileleni mwa muhindi humwaga chavua, yaani ule unga wa manjano. Kila chembe ya unga huo ni kitu hai, nayo imefungiwa masurufu na mmea mama: wanga na sukari, vilivyotengenezwa na majani kwa nguvu ya jua. Chini yake, kila unywele utokao katika hindi umeshikamana na mahali pa punje moja tu.

Chembe ikiangukia unywele hunywa maji yake, na baada ya dakika chache huchipua mrija mwembamba usioonekana kwa macho. Mrija huo hauna budi kushuka ndani ya unywele, pengine sentimita 20 au zaidi, kwa muda wa siku moja hivi. Nguvu zatoka wapi? Ndani ya chembe mna vijitanuri vidogo mno, ambavyo huunguza sukari kwa hewa, kama makaa yaunguavyo, ila pasipo moto. Nguvu hizo hujenga ukuta wa mrija na kusukuma mbele mbegu mbili za kiume. Akiba ikipungua, mrija hula chakula cha unywele wenyewe.

Basi jua kali likikausha chembe, au ukame ukichelewesha nywele hata unga ukaisha kumwagika, au wadudu wakila nywele, safari hukatika; na mrija usipofika, hapana punje.

Kwa hiyo tupande mapema mvua zianzapo, tupalilie, wala tusikate mbelewele kabla nywele hazijanyauka. Tena tupande safu nyingi pamoja, si mstari mmoja mrefu, ili upepo usipoteze unga.

Ndugu zangu, tukiona pengo katika hindi tusimtafute jirani wa kumshtaki. Hapo palikuwa na msafiri mdogo aliyeishiwa masurufu njiani, au ambaye hakupata njia kabisa.